Mrija wa Bluu

Saa kumi alfajiri, misonobari pande zote mbili,
Aune Kuosmanen anapiga magoti kando ya barabara ya Savukoski
kama mtu aliyeangusha pete.
Mimi namshikia taa.
Anafungua kifuniko cha chuma, anavuta mrija mwembamba
uliolala ardhini tangu Septemba.
Ndani yake maji ya rangi: yaliyo hai ni bluu,
yaliyoganda yamepauka
kama jicho la samaki aliyechemshwa.

Sentimita arobaini za juu zimerudi kuwa bluu.
Chini yake, meta moja na robo, bado jiwe.
Anaandika kwa penseli, maana huku hata wino huganda.

Nilidhani adui ni baridi.
Hapana.
Januari, nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri,
barabara hii ingebeba kanisa pamoja na kengele zake.
Aprili ndiyo inayoivunja:
jua linayeyusha juu, chini pamefungwa,
maji hayana pa kwenda,
yanajikunyata kati ya lami na barafu
yakingoja gurudumu.

Kwenye trela tuna uzito wa kudondosha.
Du.
Tunasubiri.
Du.
Visikilizi saba vimelala kifudifudi juu ya lami
vikisikia imebonyea kiasi gani.
Jana mikroni mia nne. Leo mia saba na kumi na mbili.
"Ni kama nini?" nauliza.
Anavua glovu, anang'oa unywele wake mmoja wenye mvi,
ananiwekea kiganjani.
"Kama hizi kumi."

Kwa nywele kumi akafunga barabara.
Akasimamisha kibao: mwisho tani kumi na mbili.

Saa tatu asubuhi akafika Reijo Vänttinen
na tani sabini na sita za magogo, injini ikikoroma.
"Aune, lami ni kavu kama kiganja changu!"
"Mwenye homa naye huwa mkavu."
Akataja mkopo wa lori. Akataja kiwanda cha Kemi,
mkataba, binti anayesoma Oulu.
Aune alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza,
kisha akasema: "Ngoja usiku."

Baadaye, tukila mkate wa shayiri garini,
aliniambia kuhusu mwaka waliomhurumia kila aliyeomba.
Kufikia Mei lami ilikatika vipande vipande.
Wao huuita mpasuko huo wavu.
Mimi ningesema ngozi ya mamba,
lakini huku nani amemwona mamba?

Nikamtafsiria usemi wetu,
kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.
Alitafuna, akafikiri.
"Ukuta ni nafuu," akasema.
"Ukuta haupitiwi na Reijo."
Nyufa ataziba Juni, zikikauka:
atazipuliza vumbi, atazimiminia lami ya moto,
mstari mweusi juu ya mstari mweusi,
kilomita baada ya kilomita,
mgongo ukimuuma kama kila Juni.

Jua lilizama. Kipimajoto kikashuka:
moja juu ya sifuri, sifuri, hasi tatu.
Reijo alilala kwenye usukani, buti dirishani.
Saa saba usiku, hasi tisa.
Dimbwi la kando ya barabara likatoa mlio mdogo,
kama kikombe kinachopata ufa.

Du.
Mikroni mia tatu na tisini na moja.

Aune akagonga mlango wa lori kwa ngumi.
"Nenda sasa. Taratibu. Ukikuta jua Kemijärvi, simama."
Hakushukuru. Alimrushia chupa ya kahawa, nusu yake imebaki,
akaondoka, magogo yakinuka utomvu,
taa nyekundu zikipungua kati ya miti
mpaka zikawa moja, mpaka hakuna.

Tulidondosha uzito tena palipopita magurudumu.
Mia tatu na tisini na nne.
Aliandika.
Akairudisha penseli nyuma ya sikio
na kuniomba taa niishushe kidogo,
kwani mrija ulikuwa bado haujafunikwa.